Msafara wa hisani: siku ya tatu ni kilomita 140, 45 kati yake za vumbi. Niipangeje?

Pedali Nzito

Wakuu, salaam. Kuna msafara wa hisani wa siku 5, fedha zinakwenda kwenye matibabu ya watoto. Siku mbili za mwanzo ni lami tupu na hazifiki kilomita 90, hizo hazina neno. Kinachonisumbua ni siku ya tatu.

Kilomita 140, mashambani mwanzo mwisho, jumla ya kupanda mita 1,400. Kutoka km 60 mpaka km 105 hakuna lami: changarawe, vipande vya mchanga, na sehemu iliyojikunjakunja kama bati. Vituo vya maji viko km 30, 58, 88 na 115. Tunaondoka saa 12 asubuhi. Kituo cha km 115 kinafungwa saa 9 alasiri, asiyefika kwa muda huo anapakiwa kwenye gari. Mizigo mikubwa wanabeba waandaaji.

Baiskeli ni ya barabara, tairi 700 × 32 za tyubu, gia za mbele za meno 50/34, za nyuma 11–32, breki za diski zinazovutwa kwa waya. Uzito wangu kilo 78. Mazoezi yamefika km 75 kwa siku moja, bado wiki 5.

Naomba kujua: upepo wa tairi niweke kiasi gani, nibebe nini mfukoni na nini niache, kula na kunywa kunapangwaje kwa saa zote hizo, na je, nijiunge na kundi au nijiendee mwenyewe?

---

FundiSpoku

Mkuu, nitajibu upande wa baiskeli, tumbo nawaachia wengine.

Upepo: kwa kilo 78 na baiskeli ya kilo 10 hivi, tairi ya 32 weka psi 58 nyuma na 52 mbele. Nyuma inazidi kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si agizo. Ukiingia kwenye changarawe na psi 85, baiskeli inadunda kila jiwe, tairi inateleza kwenye kona, na viganja vinakufa ganzi kabla hujamaliza kipande hicho. Ukifika kituo cha km 58 punguza 8 kila tairi, ukirudi kwenye lami km 105 uzijaze tena. Nyuma usishuke chini ya 45 maadamu unatumia tyubu. Tairi laini mno ikigonga jiwe, rimu inaibana tyubu na kuitoboa mara mbili, matundu mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona hayo usipoteze muda kutafuta mwiba. Hakuna mwiba.

Cheni: ipime leo, si siku ya kuondoka. Chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu mpaka pini ya 25, hiyo ya sifuri ikiwa ya kwanza. Cheni mpya inasoma inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ikizidi kwa 1/8, gia za nyuma nazo zimeshaliwa, na ukiweka cheni mpya peke yake itakuwa inaruka meno kila unapokanyaga kwa nguvu mlimani. Mabadiliko yoyote yafanyike mapema ili upate angalau km 100 za kuyajaribu.

Mafuta ya cheni ni tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume kama dakika moja, halafu futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke kabisa. Kazi ya mafuta iko ndani, kwenye pini. Yale yanayong'aa nje yanakusanya vumbi tu, na kwa km 45 za vumbi cheni iliyolowa inageuka msasa. Beba kichupa kidogo, ufute na kupaka tena ukirudi kwenye lami km 105.

Breki za waya hazijirekebishi zenyewe kama za mafuta. Pedi zikiliwa, mkono wa breki unazidi kusogea karibu na usukani, na siku yenye miteremko mingi utaligundua hilo mahali pabaya. Kagua jioni ya siku ya pili: nyama ya pedi ikibaki milimita 1, badilisha. Ikiwa bado ipo, kaza skrubu ya kurekebishia hadi pedi zikaribie diski bila kuigusa. Wakati wa kupaka cheni mafuta, funika diski ya nyuma kwa kitambaa. Tone moja likiingia kwenye pedi, breki inapiga kelele na haishiki tena.

Gia zako zinatosha kwa milima ya kawaida. Kwa 34 mbele na 32 nyuma, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda kama km 8 kwa saa. Mlima wa asilimia 6 unapandika hivyo bila kujiua. Ukifika asilimia 10 mwendo huohuo unadai zaidi ya wati 200, na hapo wengi hushuka na kusukuma. Ikiwa ratiba ina vipande vya namna hiyo, mwulize fundi kama mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni, unakubali 11–34 au 11–36, na kama cheni itahitaji kurefushwa.

Vya kubeba: tyubu 2, viraka 6 na gundi ambayo haijawahi kufunguliwa (ikishafunguliwa hukauka ndani ya kichupa bila wewe kujua), vibanio 2 vya kutolea tairi, pampu ya mkono, spana za L za 4, 5 na 6, kifaa cha kukatia cheni, kiungo cha kuunganishia chenye upana wa cheni yako, ufunguo wa spoku, na kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole. Hicho cha mwisho unakiweka kwa ndani tairi ikichanika ubavuni, kati ya tairi na tyubu, vinginevyo tyubu inatokeza kwenye mpasuko na kupasuka. Spana kubwa, tairi nzima ya akiba na taulo waachie gari la mizigo.

---

Mla Barabara

Fundi kamaliza yake. Mimi nasema hivi: wengi wanaozima km 110 walijimaliza kati ya km 10 na km 30. Asubuhi kuna ubaridi, miguu mipya, kundi lina kelele na picha zinapigwa, kila mtu anakwenda km 27 kwa saa akidhani ni mwendo wake. Kipimo rahisi ni maneno. Mpaka km 58 uwe unaweza kutamka sentensi nzima bila kukata katikati ili upumue. Ukiona unajibu kwa neno mojamoja, punguza, hata kama kundi linakuacha.

Hebu tuipige hesabu ratiba yako. Lami km 95 kwa wastani wa 20 ni saa 4 na dakika 45. Vumbi km 45 kwa wastani wa 14 ni kama saa 3 na dakika 13. Vituo 4 kwa dakika 15 ni saa 1. Weka nusu saa ya pancha. Jumla saa 9 na nusu, unamaliza saa 9 na nusu alasiri. Kituo cha km 115 unapita kwenye saa 8 mchana, yaani una saa moja mkononi. Sasa angalia wapi saa hiyo inapotelea: vituoni. Dakika 15 zinageuka 25 bila mtu kuona, mara tatu kabla hujafika hapo, na dakika 30 zimekwenda. Ukifika kituoni jaza chupa kwanza, kisha choo, kisha ndiyo ukae. Watu hukaa kwanza.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwamba kipande cha vumbi utakiendesha kutoka saa 3 na nusu asubuhi mpaka saa 7 mchana, jua likiwa limepanda. Kuondoka mapema kwa dakika 20, kama waandaaji wanaruhusu, kunasaidia kuliko kukazana njiani.

Chakula. Akiba ya wanga mwilini ni kama gramu 400 hadi 500. Ukiendesha kwa nguvu saa mbili tatu bila kula, imekwisha, na hapo mwili unazima kama taa: miguu mizito, hasira bila sababu, macho yanaona ukungu. Ukishafika huko, kula hakukurudishi palepale, kunachukua nusu saa na zaidi. Kwa hiyo kula kunaanza dakika ya 30, wakati huna njaa hata kidogo, na kunaendelea kila dakika 20. Weka kengele ya simu, usitegemee kumbukumbu.

Kiwango ni gramu 50 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama 25. Chupa ya nusu lita yenye gramu 30 za sukari inakupa 30. Basi chupa moja na ndizi moja kwa saa, umefika 55, hesabu ya mtoto wa shule. Kitu chochote kikavu chenye wanga na mafuta kidogo kinafanya kazi hiyohiyo. Vya kukaanga na vyenye nyuzinyuzi nyingi viache mpaka jioni, vinakaa tumboni kama tofali. Na usijaribu siku hiyo kitu ambacho hukula mazoezini, hata kama kinagawiwa bure kituoni.

Kiamshakinywa kiwe saa 10 alfajiri, gramu 80 hadi 120 za wanga. Najua inauma kuamka saa hiyo.

Jambo moja wanaolijua ni waliokwisha kwenda: kwenye vumbi huwezi kuachia usukani ili ule. Kwa hiyo km 55 kula vizuri, kituo cha km 88 kula tena umesimama, na hapo katikati tegemea chupa. Chupa nazo huruka kutoka kwenye kishikio barabara ya bati ikianza. Zungushia kishikio utepe wa mpira au kipande cha tyubu kuukuu. Mdomo wa chupa ufunike, la sivyo utakunywa mchanga na samadi.

Kundi: nyuma ya mtu mmoja kwenye tambarare unaokoa karibu robo ya nguvu, na upepo wa mbisho ukiwa mkali unaokoa zaidi. Kwa hiyo lami nenda na watu, ila watu wa mwendo wako. Kundi linalokulazimisha kukanyaga kupita kiasi ili ubaki mgongoni mwao linakuibia zaidi ya linachokupa.

Halafu tazama mchoro wa milima, si jumla ya mita peke yake. Safari ya hisani ya London hadi Brighton ina km 87 hivi tu, lakini kilima cha Ditchling Beacon kimekaa karibu na mwisho, na kila mwaka kinajaa watu wanaosukuma baiskeli. Mita 200 za kupanda kwenye km 10 ni mchezo. Mita hizohizo kwenye km 120 ni kesi nyingine.

---

Changarawe Tupu

Napingana na Fundi kwenye upepo, kidogo tu. Habari ya kupunguza km 58 na kujaza tena km 105 inapendeza kwenye karatasi. Pampu ya mkono inakula mipigo mingi kurudisha psi 8 kwenye tairi mbili, kipimo chake mara nyingi kinadanganya, na kila unapoichomoa kwa haraka unahatarisha kupinda kijiti cha valvu nyembamba. Weka 52 nyuma na 47 mbele tangu asubuhi, ujiendee. Unachopoteza kwenye lami kwa tofauti hiyo ni kidogo mno ukilinganisha na kituo kimoja cha dakika 10.

Kuhusu kuendesha penyewe. Mchanga: badilisha gia iwe nyepesi kabla hujaingia, sogeza makalio nyuma, legeza mikono, zungusha pedali bila kusita na usigeuze usukani. Ukijaribu kunyoosha njia kwa nguvu, gurudumu la mbele linajichimbia na unalala. Baiskeli ikianza kucheza iache icheze, itajinyoosha. Barabara ya bati: tafuta ukingo, kwa kawaida kuna ukanda laini wa upana wa kiganja kando ya nyasi, ila humohumo ndimo miiba ilimo, chagua adhabu yako. Mteremko wa changarawe: breki zote zivutwe kabla ya kona, ndani ya kona usiguse ya mbele. Macho yaangalie mita 10 hadi 15 mbele. Anayetazama jiwe hulipanda.

---

FundiSpoku

Changarawe Tupu, hoja ya kipimo cha pampu naikubali. Kama km 105 kungekuwa na kituo chenye pampu ya kusimama ningeng'ang'ania, lakini ratiba inaonyesha hakuna kituo hapo. Mkuu mwenye mada, fuata 52 na 47, uzijaribu kwanza kwenye vumbi la karibu nawe. Ukihisi rimu inagonga mawe, ongeza 3.

---

Muuguzi wa Njiani

Habari zenu. Nitaongelea mwili, hasa vile vitu vinavyowapeleka watu kwenye hema la huduma ya kwanza.

Maji. Wengi watafika kati ya mililita 500 na 750 kwa saa, lakini usichukue namba ya mtu mwingine. Pima uzito kabla na baada ya zoezi la saa mbili, ukiwa na nguo kidogo na umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ambayo hukuirudisha. Kupungua kilo 1 hadi 1.5 kwa mtu wa kilo 78 si tatizo. Ukikuta umeongezeka, unakunywa kupita kiasi.

Nalisisitiza hilo kwa sababu watu wanaogopa ukavu tu. Ukinywa maji matupu mengi kwa saa nyingi, chumvi ya damu inashuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba hadi pete na saa zinabana, halafu kuchanganyikiwa. Zinafanana na za ukavu, na hapo ndipo hatari ilipo: mwenzako anakuona hivyo anakuongezea maji. Swali la kumwuliza mgonjwa ni "umekunywa chupa ngapi, na umekojoa mara ngapi?" Majibu yake uwape wahudumu.

Mchanganyiko wa chupa: kwa lita moja, sukari gramu 60, ambazo ni vijiko vya chai 15 vilivyosawazishwa, na robo kijiko cha chai cha chumvi. Watu hukosea hapa kwa kuchukua kipimo cha maji ya kuharisha, vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kile ni dawa ya mtu anayeharisha, kina sukari kidogo mno kwa mwendesha baiskeli na kitakuchosha ulimi kabla ya km 50.

Joto. Mtu akianza kuyumba, kujibu ovyo au kugombana bila sababu, na ngozi ina moto, usisubiri jasho likauke ndipo uamini. Linaweza kuwa bado linatoka. Mshushe, mpeleke kivulini, mvue kofia na jezi, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea, na gari la wagonjwa liitwe papo hapo. Asiyejitambua vizuri hanyweshwi kitu.

Makalio. Kaptula ya baiskeli yenye sifongo huvaliwa bila chupi, mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Paka mafuta ya mgando kwenye mikunjo kabla ya kuvaa, na kwa siku ya tatu beba kidogo ya kurudia km 88. Ukimaliza vua kaptula ile mara moja, oga, kausha. Kukaa nayo yenye jasho saa mbili huku mnapiga soga ndiko kunakozaa majipu ya siku ya nne.

Magoti. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni kiti kilicho chini au gia nzito, ya nyuma ya goti ni kiti kilicho juu. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo, goti litapinda kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Badilisha milimita 3 hadi 5 kwa mara moja, usifanye hivyo katikati ya msafara ila maumivu yakikulazimisha.

Aliyeanguka na kugonga kichwa, akipoteza fahamu hata sekunde chache, akitapika au akirudia swali lilelile, haendelei na safari. Hata kama anasisitiza kwamba yuko sawa. Hasa akisisitiza.

---

Pedali Nzito

Wakuu, mmenifungua macho. Naona kwenye mazoezi nilikuwa nakula nikishasikia njaa, kumbe nimechelewa. Maswali mawili ya nyongeza. Kwanza, wachangiaji wengine wameahidi kwa kila kilomita: nikipakiwa kwenye gari inakuwaje? Pili, ufunguo wa spoku ninao ila sijawahi kuutumia. Spoku ikikatika kwenye vumbi nafanya nini?

---

Gari la Nyuma

La kwanza nalijibu mimi, kazi yangu ni kuokota watu.

Ahadi za kwa kila kilomita ni kichwa kuuma. Zinamfanya mtu aliyechoka aendelee kwa ajili ya fedha, na ukishuka km 97 unabaki kuandikia watu ujumbe wa hesabu. Waombe wachangiaji wako sasa hivi wabadilishe iwe kiasi kimoja kwa safari nzima, waandikie wazi kwamba mchango haurudi hata usipomaliza. Wengi hukubali bila shida. Jingine, waeleze ada ya ushiriki nani kailipa. Mchangiaji akija kugundua fedha yake imelipa chakula na jezi yako badala ya matibabu, mwakani hatachanga. Fedha taslimu usibebe njiani, kila kitu kiende moja kwa moja kwa waandaaji na mtu apate risiti.

Njiani: andika namba ya dharura na aina ya damu kwenye karatasi, ibandike ndani ya kofia kwa utepe mpana. Ramani ya njia ipakue kwenye simu kabla, mashambani mtandao unakatika. Kundi lisizidi watu 8. Kwenye lami acha mita moja kati ya gurudumu lako na la mbele, na usiruhusu magurudumu yapishane ubavu kwa ubavu: wa mbele akikwepa shimo, anayeanguka ni wa nyuma. Kwenye vumbi mwachane mita 5 au zaidi, mawe yanaruka na huoni shimo ndani ya wingu la mwenzako. Mkikutana na mifugo, punguzeni, tumieni sauti badala ya kengele, msipite kati ya mama na ndama. Mchungaji akinyoosha fimbo kuonyesha upande, pita upande huo.

Na ukiamua kuacha safari, mwambie mtu wa kituo, atie alama kwenye orodha. Ukipanda gari la rafiki ukaenda zako kimya kimya, sisi tunabaki kukutafuta kwenye mitaro mpaka usiku.

---

FundiSpoku

La spoku. Kwanza usiendelee kukanyaga ukisikia mlio wa "ting" na gurudumu linaanza kuyumba. Spoku iliyolegea inaweza kuingia kwenye mkono wa gia wa nyuma na kuuvunja, na hapo safari imeisha kweli.

Simama, geuza baiskeli, zungusha spoku iliyokatika kwenye jirani yake ili isichezecheze. Sasa zungusha gurudumu taratibu na uangalie pengo kati ya tairi na fremu. Wewe una diski, kwa hiyo rimu ikiyumba haigusi breki, inayogusa ni tairi kwenye fremu. Kama pengo lipo pande zote mbili, acha hivyo hivyo, usiguse kitu, nenda polepole.

Kama tairi inasugua: spoku ya kulia ikikatika, rimu huvutwa kushoto. Spoku mbili zilizo jirani nayo, huku na huku, zote ni za upande wa kushoto. Legeza hizo mbili, nusu mzunguko kila moja, kagua, rudia mpaka tairi ipite. Usijaribu kukaza nyingine. Mkanganyiko uko kwenye mwelekeo: ukiwa unaitazama nati ya spoku kutokea upande wa ekseli, kulegeza ni kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Wengi hugeuza kinyume, wanakaza, na spoku ya pili inakatika. Andika kwa kalamu ulizozigusa, fundi wa jioni atakushukuru.

Kuweka spoku mpya palepale njiani sahau. Gurudumu la nyuma, upande wa kulia unahitaji kutoa gia, wa kushoto unahitaji kutoa diski, na vyote vinataka vifaa ambavyo havipo mfukoni. Lakini spoku za akiba zitafutwe kabla ya safari, kwa sababu urefu wa kulia na wa kushoto mara nyingi hutofautiana kwa milimita kadhaa, na gari la mizigo halitakuwa na za kwako. Hupimwa kutoka ndani ya kona ya shingo mpaka ncha yenye nyuzi. Chukua mbili za kila upande, zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu sambamba na cheni, zikae hapo.

Na ukiwa umelitoa gurudumu kwa sababu yoyote, mazoea ya kuanza nayo leo: maandishi ya ubavuni mwa tairi yakae sawa na valvu. Ukipata pancha, tundu ukilikuta kwenye tyubu sentimita 20 kutoka kwenye valvu, mwiba uko sentimita 20 palepale kwenye tairi, upande mmoja au wa pili. Hulazimiki kupapasa mzunguko mzima. Kiraka nacho: sugua kwa msasa mpaka mng'ao uishe, paka gundi nyembamba pana kuliko kiraka, subiri dakika 3 hadi 5 ikauke isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu kuanzia katikati. Viraka vinavyobanduka karibu vyote vilibandikwa gundi ikiwa mbichi.